Mstari Hafifu

Leo tunauzungumzia ule mstari mdogo wa kipimo cha sida, unaotufanya tushike pumzi mbele ya muuguzi.

Mwaka 2006, kati ya Januari na Mei, watu 2,864 walipimwa katika vituo vya Médecins Sans Frontières hapa hapa Bukavu. Damu ya kila mmoja ilipita kwenye vipimo viwili vya haraka, Determine na Uni-Gold. Kanuni ya Shirika la Afya Duniani ilisema vyote viwili vikionyesha virusi vya sida (VVU), basi mtu anavyo. Waliothibitishwa na labo kuwa na mistari kwenye vyote viwili walikuwa 229. Damu yao ikapimwa tena kwa Western blot, kipimo cha gharama kinachochunguza kwa undani zaidi. Watu 24 hawakuthibitika kuwa na VVU.

Sasa sikilizeni vizuri. Katika wale 229, watu 17 mistari yao ilikuwa hafifu, na hakuna hata mmoja wao aliyethibitika. Wote 17! Wenye mistari iliyokolea walikuwa 212, na hapo wasiothibitika ni 7 tu.

Inakuwaje? Kipimo cha haraka hakimtafuti mdudu mwenyewe. Kinatafuta kingamwili, askari wanaotolewa na mwili. Mwili uliosumbuliwa na maradhi mengine waweza kutoa askari wanaonata pasipo pao. Na vipimo viwili vinavyofanana huweza kukosea pamoja, kama mashahidi wawili waliosimuliwa habari na mtu mmoja. Nikiwaza mama aliyepewa jibu la makosa kama hilo akarudi nyumbani nalo, moyo unaniuma.

Tangu 2019 Shirika la Afya Duniani linashauri vipimo vitatu vikubaliane kabla mtu hajaambiwa ana VVU.

Basi ukiambiwa mstari ni hafifu, usikubali jibu la siku hiyo hiyo, wala usishangilie, maana maambukizi mapya nayo huweza kuanza hivyo. Omba urudi baada ya siku 14 upimwe upya.

Nawe unayemeza dawa za VVU tayari, usiziache kwa sababu ya maneno yangu. Dawa zaweza kufifisha mstari ilhali virusi vimo. Ukiwa na shaka, mwambie daktari wako, naye aipeleke damu labo huku ukiendelea kumeza.