Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi: siri za serikali zinapovuja

UZI. Haya ndiyo niliyozungumza juzi barazani, Mji wa Kale, baada ya Isha. Waliokosa wameniomba niyaandike, nami nayaweka vile vile nilivyoyasema. Kanuni yetu mwaijua: hapa hatutaji mwanasiasa wala chama. Twajadili jambo, si mtu.



Nianze na swali. Karatasi ya serikali ikivuja, aliyeivujisha ni shujaa au msaliti? Majibu yenu nayajua. Ikiumbua upande nisioupigia kura, huyo shujaa. Ikiumbua upande wangu, huyo katumwa, kalipwa, adui wa nchi. Uchaguzi ukipita, twabadilishana majibu. Sasa jibu linalogeuka kila baada ya miaka mitano ni ushabiki tu, si maadili. Tutafute linalosimama.

Nataka tumkumbuke David Munyakei. Vijana huenda hamumjui. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 alikuwa karani katika Benki Kuu ya Kenya. Mezani kwake zilipita karatasi za kampuni ya Goldenberg, iliyokuwa ikilipwa fidia ya asilimia 35 kwa dhahabu na almasi ilizosema yauza nje. Jiulizeni wenyewe: Kenya ina mgodi gani wa almasi? Mwaka 1993 nakala zikawafikia wabunge wa upinzani, zikatajwa Bungeni, na wananchi wakajua kuwa mabilioni ya shilingi yanatoka.

Munyakei alikamatwa, akashtakiwa kwa Sheria ya Siri Rasmi. Mashtaka yakaondolewa, lakini kazi hakurudishiwa. Akaenda wapi? Alikuja hapa hapa Mombasa. Kwetu ndiko alikoanza maisha upya, akasilimu, akaoa. Mwaka 2003 ikaundwa tume ya kuichunguza Goldenberg. Mwaka 2004 Transparency International ikampa tuzo ya uadilifu. Julai 2006 akafariki katika umaskini, hajafika hata miaka 40.

Habari ile magazeti yaliiuza, wanasiasa wakaipandia jukwaani, na sisi tukainywea kahawa tungu kwenye mabaraza. Bei aliilipa karani mmoja. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Likiwa bega la mwingine, twaona jepesi.

Sasa nisikie na upande wa pili, maana una haki yake. Mzee mmoja hapa aliniambia: “Mwanangu, mtu kala kiapo. Kila karani akijiamulia lipi litoke, hiyo ni ofisi au ni soko?” Neno hilo ni la kweli. Kuna siri ambazo ni amana. Faili ya mgonjwa wa Makadara ni amana. Jina la shahidi anayeogopa kuuawa ni amana. Mpango wa polisi wa kesho alfajiri ni amana. Anayezitoa hizo aweza kuua mtu, na wala simwiti shujaa hata kama amemuudhi kiongozi nisiyempenda.

Lakini tusichanganye siri na aibu. Siri humlinda raia. Aibu humlinda mkubwa. Malipo ya almasi isiyokuwepo hayakuwa siri ya nchi, yalikuwa aibu ya watu wachache iliyopigwa muhuri wa siri. Na kiapo cha mtumishi wa umma ni kwa umma. Hakuapa kumfunikia bosi wake.

Kwa hivyo mimi huuliza matatu. Linalofichwa lamlinda nani? Je, aliyevujisha alikuwa na mlango mwingine wa kupitia, au milango yote ameshikilia yule yule anayelalamikiwa? Na ametoa kinachohitajika tu, au amemwaga sanduku zima na majina ya wasiohusika? Akifaulu matatu hayo, kwangu ni mfichuzi wa maovu, awe amemuumbua nani.

Mlango wa sheria upo, japo ni mwembamba. Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016, kifungu cha 16, yasema mtu asiadhibiwe kazini kwa kutoa habari yenye maslahi ya umma: ufisadi, fedha zilizotumiwa vibaya, hatari kwa afya au mazingira. Na kifungu hicho hicho chasema anayetoa habari ya uongo kwa nia ya kumdhuru mtu ametenda kosa. Uzuri wake ni huo: chamlinda mkweli bila kumfungulia mzushi. Lakini ile Sheria ya Siri Rasmi iliyomkamata Munyakei nayo ingali vitabuni. Karani wa leo anasimama kati ya sheria mbili, na wakili hana pesa ya kumlipa.

Haya, twende kwetu bandarini. Mwakumbuka Desemba 2018? Barua ya ofisi ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu ilizunguka kwenye simu zetu zote. Ikasemekana Bandari ya Mombasa imewekwa rehani kwa mkopo wa reli ya SGR. Mji ulishika moto. Makontena yalikuwa yameshaanza kupelekwa bara kwa reli, wenye malori wanalia, sasa twaambiwa na bandari yenyewe yaweza kwenda! Serikali ikakana. Nani angeiamini, na mikataba imefungiwa kabatini?

Miaka ikapita. Mwaka 2022 watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, wakaeleza kwamba bandari haikuwa rehani, na kwamba mkaguzi alikisoma vibaya kipengele cha mkataba. Walieleza pia kuwa KPA kweli ilijifunga kuipa reli kiasi fulani cha mizigo, au kulipia pengo. Kwa hivyo barua ilikuwa halisi, hofu yetu ilikuwa na msingi, na bado lile tulilolipigia kelele zaidi halikuwa sawa. Twapenda kusema lisemwalo lipo. Mara nyingine lipo, lakini si vile lilivyosemwa.

Na mikataba ilifunguliwaje? Wanaharakati wawili walikwenda Mahakama Kuu hapa Mombasa, wakashika kifungu cha 35 cha Katiba, haki ya kupata habari. Mei 2022 mahakama ikaamua serikali ilikosea kuwanyima. Novemba mwaka huo sehemu ya mikataba ikatolewa. Si yote, lakini raia waliuliza kwa majina yao, mchana, na hakuna karani aliyepoteza kazi. Serikali ikificha kila kitu, yawalazimisha wananchi wategemee vipande vya karatasi. Ikifungua mapema, mvujishaji hana la kuvujisha.

Namaliza na sisi wenye simu, maana ndio wengi hapa. Karatasi ikikufikia WhatsApp, fanya manne. Soma yote kabla ya kufowadi, si ule mstari mwekundu pekee. Funika muhuri wa idara, namba ya nakala, mwandiko wa pembeni, kwa sababu wakubwa humtafuta mtu kwa alama hizo hizo. Usishindane kubahatisha nani kaitoa. Huo si umbea, ni kumkabidhi. Na habari ikishapoa, muulize aliyefutwa kazi anaishi vipi.

Hili la nne ndilo gumu. Munyakei alikuwa hapa mjini kwetu. Huenda tulipishana naye sokoni Marikiti, tukamsalimia, tukapita, hatujui kuwa huyu ndiye aliyetuambia ukweli. Leo yuko karani mwingine mahali fulani, ana karatasi mkononi, anafikiria. Yeye hasubiri makofi yetu. Anatazama vile tulivyomfanyia wa kwanza.

Wabillahi tawfiq. Maswali karibuni, lakini bila majina.