Daftari yetu, hesabu yetu: juu ya nini vijana tujifunze kuprogramu



Tunajua wengine wenu mumetoka mbali kwa mguu, na wengine mumeacha kazi ya siku. Kwa hiyo hatutawapotezea wakati. Leo tunazungumuza juu ya kujifunza kuprogramu, na lugha yenye tumechagua kwa kuanza inaitwa Ruby.

Tujibu kwanza swali yenye iko katika vichwa vya wengi: hii inatuhusu nini sisi, wakati mu kartiye maji haifike na umeme inakuja usiku wa manane? Inatuhusu sana. Ukienda kuuliza mukubwa juu ya maji ao barabara, atakuuliza: muko na hesabu gani? Na hesabu tuko nayo! Iko mu madaftari, mu mesaji za WhatsApp, mu vichwa vya mama zetu wenye wananunua bidoni kila asubui. Lakini hesabu yenye haijapangwa haina sauti. Mwenye kujua kuipanga njo mwenye kusema. Sisi wengine tunabaki kungoja mugeni atuletee ripoti juu ya maisha yetu wenyewe.

Sasa, juu ya nini Ruby? Mwenye aliianzisha ni Mjapani, Yukihiro Matsumoto. Alianza kuitengeneza mwaka wa 1993, akaitoa mbele ya watu mwaka wa 1995. Alitaka lugha yenye inamupa furaha mutu mwenye kuandika. Miaka ya kwanza maelezo yake mengi yalikuwa katika Kijapani. Kitabu cha kwanza cha Kiingereza juu yake kilitoka mwaka wa 2000. Musikie vizuri: watu waliijenga wakizungumuza lugha ya kwao, kisha dunia ikawafuata. Leo GitHub na Mastodon zinatumia Ruby. Na ni ya bure, hakuna mutu wa kulipa.

Hauna mashini? Anza na telefone. Kwa Android, shusha Termux, kisha andika pkg install ruby. Pale njo mega zitakwenda. Kisha hapo, hata intaneti ikatike, wewe unaendelea. Andika irb, na Ruby itakungojea uiambie neno. Tuseme umeuliza nyumba tatu bei ya bidoni ya litri 20:

bei = [500, 300, 400]
bei.sum
bei.max

Ya pili itajibu 1200, ya tatu 500. Angalia vile inakwenda: unaita kitu kwa jina, unaweka nukta, unakitumisha kazi. Mu Ruby kila kitu kiko hivyo: namba, neno, liste, vyote vinajua kazi zao na vinangoja uviite. Na jina "bei" tumelichagua sisi, kwa Kiswahili. Mashini haina shida nalo.

Ruby tena haikuombe kusema mbele kama "bei" itabeba namba ao maneno. Inapokea yenye unaipa. Hiyo inafanya kujifunza kuwe mwepesi, lakini pale pale njo kuna mutego. Bei yenye mutu ameandika kwa kidole, Ruby inaipokea kama neno. Na neno ukiliongeza kwa neno lingine, yanagandamana:

"500" + "300"

Jibu: "500300". Siyo 800! Hakuna kosa yenye itaonekana, hakuna kelele. Kwa kugeuza neno kuwa namba, unaandika "500".to_i. Vizuri. Lakini jaribu hii: "hakuna maji".to_i. Jibu ni 0.

Tusimame hapa kidogo. Umeuliza nyumba ine. Tatu zimekupa bei: 500, 300, 400. Ya ine imekuambia "hakuna maji". Programu yako inaweka 0, inagawanya 1200 kwa 4, inakuambia bei ya katikati ni 300. Ukweli ni 400. Na ukifanya vile kwa muji muzima, kartiye yenye haina maji hata tone itaonekana njo yenye inalipa bei ya chini kupita zote. Unapeleka ile karatasi kwa mukubwa, anafurahi, anasema: munaona, kule hakuna shida. Hakuna mutu amesema uongo. Ni sifuri moja tu.

Dawa iko. Andika Integer("hakuna maji"), na Ruby itakataa, itasimama, itakuonyesha kosa. Kijana mwenye anaanza anaogopa kosa. Sisi tunasema: kosa yenye inaonekana ni rafiki. Yenye imejificha njo adui. Soma ile mustari ya kosa polepole. Inakuambia namba ya mustari na kitu yenye haikukubaliwa. Nyumba isiyo na maji, uihesabu mbali, na uiseme kwa sauti.

Namna ya kujifunza? Watu watatu kwa telefone moja inatosha. Mumoja anaandika, wawili wanasoma, kisha munabadilishana. Wadada, musikubali kukaa nyuma ya mabega ya wakaka: zamu ni zamu. Andikeni kwa vidole vyenu, musikopi. Umeme ikikatika, andikeni programu mu daftari na mufikiri jibu mbele ya kuijaribu. Na mwenye anakuuzia karatasi ya kusema umekuwa programeri kwa wiki mbili, muache na karatasi yake. Kazi hii inaomba miezi.

Jambo ingine, na hatutanii. Mama akikupa bei, andika bei, tarehe na avenue. Jina yake usiandike, namba yake ya telefone usiandike. Telefone inaweza kuibiwa, inaweza kukamatwa. Kile hatukuandika, hakuna mutu ataweza kukisoma.

Kazi ya wiki hii: kila mumoja aulize nyumba 20 mu avenue yake bei ya bidoni, na aandike majibu vile yametolewa, hata ile ya "hakuna". Tukikutana tena, tutayaingiza pamoja, na hakuna "hakuna" hata moja yenye tutaacha igeuke sifuri.

Sasa mutoe telefone, tuanze.