Tufungue Kwanza, Ndipo Tununue

(Maneno ya mweka hazina kwenye mkutano wa mwaka wa wanachama, Dar es Salaam)



Kila mwaka mimi husimama hapa na kusoma mapato na matumizi, na kila mwaka naona watu wakianza kutafuta chupa za maji chini ya viti. Leo hesabu mmeshagawiwa kwenye karatasi, kwa hiyo sitazisoma. Nitazungumzia mstari mmoja tu, uliopo ukurasa wa pili: “Tangi la maji, shule ya msingi, 1,150,000.” Sahihi iliyoidhinisha malipo hayo ni yangu.

Barua ilitufikia ikisema tangi la lita 5,000 tulilochangia zamani limeharibika, wanafunzi wanarudi kubeba ndoo kutoka mtoni, tunaomba jipya. Kamati ilikaa dakika kumi. Nani angekataa watoto maji? Tangi likanunuliwa Mbeya, likapakiwa kwenye fuso, likapita Tunduma na Laela, likafika. Tukapigiwa picha, na picha hiyo imo kwenye kitabu hiki.

Desemba nilipokwenda nyumbani kumwona mama, nilipita shuleni pale. Tangi la zamani lilikuwa limelazwa nyuma ya choo cha walimu, mbuzi wamelala kivulini mwake. Nililizunguka nikitafuta ufa, sikuona. Nikamwita binamu yangu, ambaye si fundi wa cheti ila ana spana na ana subira. Alifungua kiungio cha koki, akatoa raba iliyokauka na kukatika kama mkate wa juzi, akaniwekea kiganjani. Hiyo ndiyo ilikuwa inavujisha.

Tulikwenda mjini siku ileile. Raba 1,500. Tepu ya bomba 1,000. Kiungio kipya 4,000, kwa kuwa cha zamani nyuzi zake zilikuwa zimelika. Bodaboda 3,000. Jumla 9,500. Tulilijaza jioni, na asubuhi lilikuwa kavu nje na limejaa ndani. Mimi ni mhasibu, nimesomea kazi hii na ninaifanya kila siku, na nilitoa milioni moja na zaidi bila kuuliza swali moja: nani amelifungua akaangalia? Kwa bei ya dawati ya 80,000, hapo kuna madawati 14. Ndugu wanachama, naomba radhi. Sisemi hivi ili mwalimu yeyote alaumiwe. Yeye aliandika alichokiona, maji yanavuja. Kuuliza ilikuwa kazi yangu.

Tangu siku hiyo nimekuwa mtu wa kufungua vitu, mke wangu ni shahidi. Nyumbani kwa mama bomba la uani lilikuwa linadondosha tone tone. Kila mtu alilizoea. Nikaweka ndoo ya lita 20 chini yake jioni. Jioni ya pili ilikuwa imejaa. Kwa mwezi ni lita 600, na dawa yake ni kufunga maji, kufungua kichwa cha bomba na kubadilisha wosha. Dakika kumi na tano. Bati la jikoni lilikuwa linavuja matundu manne. Yote yalikuwa kwenye misumari iliyolegea, siyo kwenye bati. Mama alishaanza kudunduliza fedha za bati jipya.

Kuna mambo ya kuachia wenyewe. Nyaya za ukutani aguse fundi wa umeme mwenye leseni, usijaribu kwa kutazama video. Betri za sola zile za tindikali, unaweza kusafisha vichwa vyake na kuongeza maji ya betri, tena yale ya dukani, siyo ya kisimani. Lakini ikifa kabisa isipasuliwe uani, kwa sababu ndani kuna risasi, na risasi ikiingia kwenye udongo kuku na watoto wanaila. Mrudishie muuza betri. Wengi huzinunua kwa kilo.

Jambo lililonifurahisha kuliko yote ni kapu la maharage. Mnajua Sumbawanga iko takriban mita 1,800 kutoka usawa wa bahari. Huko juu maji huchemka karibu nyuzi 94, hayafiki 100 kama hapa Dar. Ndiyo maana maharage yaleyale ninayoletewa kwenye kiroba huiva haraka Mbagala na kukataa kuiva kwa mama, naye analipia tofauti hiyo kwa mkaa. Dada yangu alichukua tenga kuukuu, akalitandika blanketi lililochanika na magunia, akashona mto wa kufunikia juu. Maharage yanalowekwa usiku, yanachemshwa kwa nguvu nusu saa nzima (msipunguze hapo, maharage yasiyochemka vizuri huumiza tumbo), kisha sufuria yenye kifuniko inaingia kwenye tenga na kufunikwa. Saa nne au tano baadaye unayarudisha motoni kidogo, unaunga, mnakula. Gunia la mkaa lililokuwa likimaliza wiki tatu sasa linafika wiki ya tano. Serikali ina Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, wa 2024 hadi 2034, unaotaka asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ifikapo mwisho wake. Vizuri sana, na anayeweza kumnunulia mama yake mtungi wa gesi anunue. Lakini mtungi ukiisha katikati ya mwezi, tenga bado lipo. Na atakayepanda Mbizi ataona mwenyewe msitu uliobaki ulivyo mdogo.

Msidhani haya ni mambo ya Wazungu. Wazee wetu hawakuchoma nyasi zote; walizikusanya, wakazifunika kwa udongo, wakatengeneza intumba, nyasi zikaoza, na msimu uliofuata tuta likasambazwa likawa mbolea ya ulezi. Walijenga malungu marefu yaliyovuta upepo yenyewe bila mivuo, wakayeyusha chuma chao. Jembe lililolika lilirudi kwa mhunzi. Hakuna aliyeandika barua Dar es Salaam kuomba jembe jipya, japo nakiri na Dar es Salaam yenyewe haikuwa na mweka hazina mwepesi wa kusaini.

Sasa maombi yangu, na ninaomba yapigiwe kura leo kabla ya chakula. Kwanza, katika kila shilingi 100 tutakayochanga usiku huu, shilingi 10 ziende kwenye mfuko wa matengenezo, usiguswe kwa kazi nyingine. Najua si rahisi kuchangia. Hakuna anayekata utepe kwa ajili ya raba, na jina lako haliwezi kuandikwa kwenye wosha. Pili, barua yoyote ya kuomba kifaa kipya iambatane na maelezo ya mtu aliyekifungua cha zamani: ameona nini, kinahitaji nini, bei gani. Asiwe lazima fundi mkubwa. Binamu yangu angetosha. Tatu, kila mradi wetu, yaani matangi, sola ya zahanati na pampu ya kisima, uwe na daftari lake, liandikwe tarehe iliyoangaliwa na aliyeangalia. Nitayanunua mimi kwa fedha yangu, ni kama faini.

Tangi la zamani sasa limewekwa kwenye nyumba za walimu, linakinga maji ya mvua. Tulipolisimamisha, mbuzi walikosa kivuli chao na mwenye mbuzi akaja kuuliza. Ninaokwenda nao Desemba hii tukutane kwenye meza ya katibu mkiwa mnatoka, tuandikishane. Mwenye spana, koleo au bisibisi asiyoitumia ailete. Boksi liko chini ya meza, na ndani yake hadi sasa kuna nyundo moja tu, ya Mwenyekiti.