Kupanga Safari ya Gari Ng'ambo: Maneno kwa Vikundi vya Akiba ya Hija

(Hotuba iliyotolewa na ofisi yetu ya maendeleo ya jamii mbele ya viongozi wa vikundi. Tumeiandika jinsi ilivyosemwa, ila tumeipunguza kidogo.)



Kuna vikundi kadhaa ambavyo vimetuuliza swali moja. Wana akiba ya hija. Wana marafiki wa parokia dada huko Ujerumani, na marafiki hao wameahidi kuwapa gari na madereva. Sasa wanataka kujua, safari ya gari kupita nchi tano sita hupangwa namna gani? Wengine wamefika ofisini na ramani ambayo imeshapigwa kalamu nyekundu, kutoka München hadi Medjugorje, hadi Roma, na kurudi. Ramani nzuri kabisa. Tukawauliza, je, mtaomba viza ya kuingia mara ngapi? Wakatazamana.

Basi tuanzie hapo, maana huko Ulaya viza ndiyo huchora barabara. Kalamu nyekundu inafuata baadaye.

Mmesikia habari za Schengen. Hicho ni kijiji kidogo nchini Luxembourg, ambako mwaka 1985 nchi tano zilitia sahihi mapatano ya kuondoa ukaguzi kwenye mipaka yao. Mapatano yalianza kufanya kazi tarehe 26 Machi 1995, na sasa nchi zilizomo ni 29. Mtu akiwa na viza ya Schengen anaweza kutoka Ujerumani akapita Austria, Slovenia, Kroatia na Italia kwa viza hiyo moja. Sisi tuliozoea kushuka Busia au Namanga kupanga foleni, tunaona ajabu. Unapita mpaka kama unavyopita kutoka wilaya moja kwenda nyingine.

Lakini msilale. Septemba 2024 Ujerumani ilianza tena kukagua watu kwenye mipaka yake yote ya nchi kavu. Kwa hiyo pasipoti hukaa mkobani, si chini ya sanduku lililofunikwa na masanduku mengine manane.

Jambo kubwa ni hili. Medjugorje iko Bosnia, na Bosnia haimo Schengen. Kroatia iliingia tarehe 1 Januari 2023, Bosnia bado iko nje. Mkiwa na viza ya kuingia mara moja tu, siku mnayovuka kwenda Bosnia hiyo viza imekwisha kazi, hata kama bado ina siku 20. Ni kama tiketi ya uwanja wa mpira: ukitoka langoni kununua soda, hurudi ndani. Na gari liko na nyinyi, na wenyeji wako na nyinyi, na ndege yenu ya kurudi nyumbani inaondokea München.

Hebu tuwaeleze kikundi kimoja tulichokisaidia kupanga. Walikuwa mahujaji saba. Kina mama watatu katika hao walikuwa wameweka akiba miaka minne, kidogo kidogo kutoka kwa maziwa na mboga, na nia yao ilikuwa Medjugorje. Hawakuficha: Roma kwao ilikuwa ya pili. Walikuwa wamesikia kwamba tarehe 19 Septemba 2024 Vatikano ilitoa kibali kwa ibada ya mahali hapo. (Tuseme wazi kwa sababu watu huchanganya: Kanisa lilikubali matunda ya kiroho yanayoonekana Medjugorje, halikutamka kwamba maono yenyewe ni ya kimuujiza.)

Tukawashauri waombe viza ya kuingia mara nyingi, na waambatanishe barua ya kueleza kwa nini: tarehe ya kwenda Bosnia, mahali pa kulala, tarehe ya kurudi Kroatia. Wakafanya hivyo. Lakini kuomba si kupewa. Aina ya viza unaijua siku pasipoti inaporudi mkononi. Kwa sababu hiyo tuliwaambia wachore njia mbili kabla ya kupeleka fomu yoyote.

Njia ya kwanza ilikuwa hivi. München hadi Zagreb kupitia Salzburg na Ljubljana, kama kilomita 540, walale. Zagreb hadi Medjugorje, karibu nyingine 540, wakivukia kituo kikubwa cha Bijača. Kisha warudi Split, kama kilomita 150, wapande feri ya usiku kwenda Ancona nchini Italia. Feri hiyo si ya kila siku, lazima uangalie ratiba kwanza ndipo upange mengine yote. Kutoka Ancona ni karibu kufika Loreto penye Nyumba Takatifu (jina mnalijua kutokana na masista na shule zao), kisha Assisi, kisha Roma. Kurudi ni Padua kwa Mtakatifu Antoni, halafu mlima wa Brenner, Innsbruck, hadi München. Siku 12.

Njia ya pili iliacha Bosnia kabisa: München, Brenner, Padua, Loreto, Assisi, Roma, na kurudi vilevile. Siku ni chache na kilomita zinapungua kama 400.

Ndipo mwenyekiti wao, mzee mtulivu, akauliza swali ambalo sisi tungependa kila kikundi kijiulize: "Na wengine wakipewa mara nyingi, wengine mara moja, tutafanyaje?" Kamati ilibishana jioni nzima. Kulikuwa na waliosema anayepewa aende, asiyepewa amsubiri Split. Wengine wakasema nani atakaa na mgeni asiyejua lugha, katika mji asioujua, siku mbili? Mwishowe wakaandika kwenye kumbukumbu za mkutano, na wote saba wakatia sahihi: hatutengani barabarani.

Viza zikaja. Watano wamepewa mara nyingi. Wawili, mara moja. Na katika wale watano walikuwemo kina mama wote watatu.

Jamani, hapo ndipo tunajua kama mpango ni mpango. Mmoja wa wale kina mama alilia mbele yetu ofisini, na hatukumlaumu. Miaka minne ya maziwa! Wengine wakaanza kusema yale maandishi yalikuwa ya mkutano tu. Katibu akafungua daftari akasoma. Hakuna aliyeongeza neno. Walikwenda kwa njia ya pili, na kwa sababu hawakuwa wamelipia feri kabla ya viza, hawakupoteza hata shilingi moja ya tiketi. Yule mama bado anaweka akiba. Ametuambia safari hii ataandika Medjugorje peke yake, na sisi tunamsaidia na fomu.

Sasa fomu zenyewe. Maombi hupelekwa kwa ubalozi wa nchi mtakayokaa siku nyingi zaidi. Siku zikilingana, ni ile nchi mtakayoingia kwanza. Hesabuni usiku wa kulala, mmoja mmoja, kwa kidole. Msipeleke kwa Wajerumani maombi yanayoonyesha usiku watatu Ujerumani na saba Italia. Mnaweza kuomba kuanzia miezi sita kabla ya safari, na mwisho ni siku 15 kabla. Lakini majibu yanaweza kuchukua hata siku 45 ikiwa wanataka kuchunguza zaidi, kwa hiyo anayengoja mwezi wa mwisho anajitafutia presha. Ada ya mtu mzima ni yuro 90 tangu Juni 2024, na hairudishwi ukinyimwa. Bima ya matibabu ya safari isiwe chini ya yuro 30,000, na iwe ya nchi zote za Schengen. Wenyeji wenu Ujerumani wanaweza kuandikisha kwenye ofisi ya wageni ya kwao ahadi ya kubeba gharama zenu. Ahadi hiyo ni ya kisheria, wao ndio watadaiwa kukiwa na shida, basi msiiombe kama mnavyoomba chumvi kwa jirani.

Na akaunti ya benki. Pesa zilizoingizwa wiki iliyopita ili akaunti inenepe zinaonekana. Ni heri taarifa ya miezi sita yenye pesa kidogo zinazoingia kila mwezi, pamoja na katiba ya kikundi na hati ya usajili.

Gari. Leseni ya kawaida ya huko inaruhusu gari la watu tisa, dereva akiwa ndani ya hesabu. Hakuna kubebana, hakuna "songa kidogo". Mahujaji saba na madereva wawili, viti vimejaa, na nyuma hakubaki nafasi ya masanduku makubwa tisa. Kila mtu begi moja dogo. Kina mama walionunua masanduku ya magurudumu walisikitika, lakini ndivyo.

Madereva wawe wawili na wawe wa huko. Tunajua vijana wetu wanaweza kuendesha popote. Hata hivyo huko wanaendesha kulia, na mtu akichoka mkono wake hurudi kwenye mazoea ya nyumbani. Bima ya gari iwataje wote wawili, na muulize kama inafika hadi Bosnia kama mnaenda huko. Sheria ya Ulaya kwa madereva wa mabasi inasema baada ya saa nne na nusu dereva apumzike dakika 45, na kwa kawaida asizidishe saa tisa za kuendesha kwa siku. Gari la watu tisa halibanwi na sheria hiyo, lakini sisi tuliichukua tukaiweka kwenye ratiba. Kipande cha kilomita 540 kinazidi Nairobi hadi Mombasa. Mzee mwenye kisukari au mama mwenye miguu inayovimba hawezi kukaa hivyo bila kushuka. Tuliwauliza wagonjwa wetu kwanza wanahitaji kusimama kila baada ya muda gani, kisha tukahesabu saa za kufika. Vituoni Ujerumani mara nyingi choo hulipiwa, kwa kawaida yuro moja; wekeni sarafu.

Ushuru wa barabara unatofautiana kila nchi, na hapa pesa huvuja. Ujerumani gari dogo halilipi kitu. Austria unanunua kibali cha siku moja, siku kumi, miezi miwili au mwaka. Na juu yake Brenner inalipiwa peke yake, vivyo hivyo mahandaki ya Tauern na Karavanke. Angalieni mtego: safari ya siku 12 inaanza na kumalizikia Austria, na kibali cha siku kumi kitakuwa kimekufa mnaporudi. Vibali viwili vya siku moja vinatosha, kimoja cha kwenda, kimoja cha kurudi. Slovenia nayo ina kibali chake cha wiki. Kroatia na Italia unachukua tiketi unapoingia barabara kuu, unalipa unapotoka. Tiketi hiyo ipewe mtu mmoja aitunze.

Italia ina jambo jingine. Katikati ya miji ya zamani kuna maeneo yaliyofungiwa magari ya wageni, yameandikwa ZTL, na kamera zinapiga picha namba ya gari. Hakuna askari atakayekusimamisha. Faini inakuja kwa posta miezi kadhaa baadaye, nyumbani kwa mwenye gari, yaani kwa yule rafiki aliyekupa gari bure. Kwa hiyo Roma, Assisi na Padua gari liachwe nje ya mji wa zamani, mwendelee kwa miguu au basi. Na msipange kuwa barabarani siku zinazozunguka tarehe 15 Agosti. Kwetu ni Kupalizwa Bikira Maria. Kwa Waitalia ni hiyo pamoja na likizo ya nchi nzima, na kila mtu yuko kwenye gari.

Mafuta mnahesabu hivi. Gari likila lita 9 kwa kilomita 100, na njia ya kwanza ni kama kilomita 2,600, ni lita 234. Ongezeni sehemu ya kumi ya kupotea njia, kisha mzidishe kwa bei ya wiki hiyo. Kroatia wanatumia yuro tangu 2023. Bosnia wana pesa zao. Simu yenye laini ya Ujerumani haitozi zaidi ndani ya Umoja wa Ulaya, Bosnia inatoza. Namba ya dharura katika nchi zote za Umoja ni 112, kila mtu aiandike kwenye karatasi, asitegemee simu ya mwenzake.

Mfuko wa hija uwe mbali na mfuko wa mikopo. Hilo hatulijadili. Tumeona kikundi kilichotaka kuazima pesa za tanki la maji "kwa miezi miwili tu" ili wajaze akaunti ya viza, tukakataa kutia sahihi barua yao, na wakanuna.

Ramani za njia zote mbili, pamoja na hesabu ya usiku na kilomita, zimebandikwa ukutani kwenye ofisi yetu. Anayetaka kuzinakili aje na daftari na kalamu siku yoyote ya kazi kabla ya saa kumi. Bei za vibali vya barabara hubadilika kila mwaka, kwa hiyo nafasi hizo tumeziacha wazi mzijaze wenyewe.