Damu Inavyolichunga Ini Jipya
Msikilizaji, tangu Thomas Starzl alipojaribu upandikizaji wa kwanza wa ini kwa binadamu huko Denver, Marekani, mwaka 1963, madaktari wanahangaika na swali hili: utajuaje mapema kwamba mwili umeanza kulikataa ini la mtu mwingine?

Vimeng'enya vya ini na bilirubini vikipanda katika damu, ini limeumia. Chanzo hakionekani hapo. Ndipo mgonjwa anachomwa sindano ubavuni, kinyama cha ini kitolewe na kuchunguzwa kwa hadubini.

Sasa kuna kipimo kinachotafuta katika damu DNA ya aliyetoa ini. Seli za ini hilo zikifa, DNA yake humwagika kwenye damu, na kiwango hupanda. Sindano bado ipo, lakini huenda ikatumika mara chache zaidi. Hilo si jambo dogo kwa anayechomwa.

Kwetu, mgonjwa aliyepandikizwa ini India anarudi nyumbani na takrolimasi, dawa ya kuzuia mwili usilikatae ini, ambayo kiwango chake katika damu hupimwa asubuhi kabla hajameza dozi. Ikipungua, ini liko hatarini. Ikizidi, figo zinaumia. Nasema bima zianze kwa kulipia kipimo hiki cha takrolimasi, na maabara za mikoani ziwezeshwe kukifanya.