Chama Kisiwe Juu ya Bunge



Nimeombwa niseme machache juu ya wajibu wa mwamini aliye mwanachama wa chama cha siasa. Nitatumia mfano wa Uingereza, kwani desturi nyingi za mabunge yetu zilitoka huko.

Tarehe 28 Agosti 2019, Malkia Elizabeth II, kwa ushauri wa Waziri Mkuu Boris Johnson, alitoa amri ya kusitisha vikao vya Bunge. Bunge lingefungwa kwa majuma 5, hadi tarehe 14 Oktoba, na nchi ilikuwa itoke katika Umoja wa Ulaya tarehe 31 ya mwezi huohuo. Serikali ilisema inatayarisha mkutano mpya wa Bunge. Hata hivyo, katika saa nzito kama hiyo, wawakilishi wa wananchi wangekosa mahali pa kuihoji.

Basi, walikuwapo watu wa chama chake Johnson, yaani Conservative, ambao hawakunyamaza. Tarehe 3 Septemba wabunge 21 walipiga kura pamoja na wapinzani, ili Bunge lipate nafasi ya kuzuia nchi isitoke bila mapatano. Walitolewa katika kundi la wabunge wa chama. Naye John Major, Waziri Mkuu wa zamani kutoka chama hichohicho, aliieleza Mahakama ya Juu kwamba matayarisho ya namna hiyo huchukua siku 4 hadi 6, wala hakupata kuona serikali iliyohitaji majuma 5. Wahenga walisema, penye wazee haliharibiki neno.

Tarehe 24 Septemba majaji wote 11 waliamua kwa sauti moja kwamba ushauri ule ulikuwa kinyume cha sheria, kwa kuwa ulizuia Bunge kutimiza kazi yake pasipo sababu ya kuridhisha. Amri ikawa batili. Kesho yake wabunge wakarudi katika viti vyao.

Angalieni, ndugu zangu: majaji hawakuamua kama kutoka Ulaya ni kwema au ni kubaya. Suala hilo waliwaachia Bunge na wananchi. Tarehe 12 Desemba uchaguzi ulifanyika, na Johnson akashinda kwa viti 365 kati ya 650. Aliyeshindwa mahakamani alishinda kwenye kura, na yote mawili yalikuwa halali.

Kila mmoja wetu na ajiulize: lau chama nisichokipenda kingelifunga Bunge namna hii, ningesemaje? Jibu hilo ndilo nipaswalo kulitoa hata chama changu kinapofanya vivyo hivyo. Kadi ya chama haiwezi kuchukua nafasi ya dhamiri. Viongozi wa walei, lipelekeni swali hili katika jumuiya zenu kabla ya msimu wa uchaguzi, wakati watu wangali wanasikilizana.