Viatu vya Mpira kwa Mvuvi Wakati wa Masika

(Hotuba ya Kamati ya Vifaa mbele ya wajumbe wa vyama vya msingi)



Tumetakiwa tuseme machache juu ya viatu vya mpira, yaani gambuti. Pengine wako waonao kwamba, katika sherehe ya Chama Kikuu chetu kutimiza miaka 10, habari ya viatu ni neno dogo. Lakini mvuvi wa Ziwa Viktoria hufanya kazi yake kwa miguu iliyolowa, na mguu ukiharibika nyavu huanikwa na nyumba nzima hulala njaa.

Hatuna budi kuanza kwa kukiri kosa letu. Tulipoagiza viatu mara ya kwanza kwa fedha za wanachama, tulichagua virefu vifikavyo mapajani, tukidhani kwamba kirefu ndicho bora. Masika yale mwenzetu mmoja aliteleza usiku, akaanguka kutoka mtumbwini, na viatu vikajaa maji. Watu husema kiatu kilichojaa humvuta mtu chini kama nanga. Sivyo hasa, kwani maji yaliyomo kiatuni hayamlemei mtu angali majini. Lakini humzuia kupiga miguu, na ajaribupo kupanda chomboni hana budi kuyainua yote pamoja na mwili wake. Wenzake watatu walishirikiana kumpandisha. Angalikuwa peke yake, tusingalikuwa naye hapa leo.

Basi shauri letu la kwanza ni hili: kwa kazi ya chomboni, chagua kiatu kinachoishia chini ya goti, chenye shingo pana. Ukiwa dukani, kivae pamoja na soksi, kisha ukivue bila kutumia mikono, kwa kukanyaga kisigino kwa mguu wa pili. Kisipotoka, kirudishe. Wala kisiwe kikubwa mno hata kisigino kikapwaya, maana mguu utachubuka na mtu atajikwaa. Ni vema kununua jioni, wakati miguu imevimba kidogo kwa kazi ya mchana. Na jaketi la kuokolea maisha livaliwe vilevile. Kiatu hakichukui nafasi yake.

Pili, tazama soli. Iwe nene, isipenywe na mwiba wa sangara au wa gogogo, na iwe na mifereji mirefu ya kushika mbao zenye utelezi. Kikunje kiatu, uangalie kama pana ufa mahali soli ilipoungana na mpira wa juu.

Tatu, tukumbuke kichocho. Vijidudu vyake hutoka katika konokono wa maji ya kandokando, penye magugu, navyo hupenya ngozi, hasa mchana jua likiwa kali. Kiatu kisichovuja humlinda mtu maadamu maji hayajapita juu ya shingo yake. Kwa sababu hiyo vile virefu hatukuvitupa. Tumevitenga kwa wenzetu wafanyao kazi ufukweni katika maji machache. Hata hivyo, avaaye kiatu asiache kwenda kupimwa hospitali.

Nne, ni utunzaji. Petroli na mafuta ya taa huuvimbisha na kuulainisha mpira wa asili, na jua kali huupasua. Vioshe viatu kwa maji safi, uvijaze magazeti makavu, uviweke kivulini mbali na moto. Mguu ukaao siku nyingi katika kiatu chenye unyevu huota fangasi katikati ya vidole. Ukishuku tundu, ikunje shingo ya kiatu ili hewa isitoke, ukizamishe katika karai na kukibinya. Palipo na viputo ndipo penye kasoro.

Mwisho, ndugu zetu, twaomba kila chama cha msingi kituletee vipimo vya miguu ya wanachama wake kabla ya mwezi wa Machi, masika yanapoanza. Mtu mmoja hupokea saizi aliyoikuta dukani. Watu wengi wakiagiza pamoja, huletewa saizi zao. Kidole kimoja hakivunji chawa. Safari hii tusinunue kwa kutamani urefu, bali kwa kufikiri jinsi kila mmoja wetu atakavyorudi nyumbani.